Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: uliza maji kwanza, saa ya mkononi baadaye

Msafiri wa Kusini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimesoma maswali mengi ya watu wanaotaka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, na majibu wanayopewa karibu yote ni mamoja: pazuri, nenda, beba kofia. Habari ya maji hakuna anayewaambia. Mimi pia sikuambiwa, nikaja kulipia kwa kukaa saa nne kwenye tope na mke wangu na watoto wawili, boti imelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana. Kisiwani tulivuka siku ya kwanza bila tabu, tukapata kiburi, kesho yake tukataka Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Tulipatana na mwenye boti kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Akaja saa mbili na nusu, anatabasamu, eti alikuwa anatafuta petroli. Tukapanda, sikuuliza kitu. Tulifika vizuri, maji bado yamo kwenye mikoko, tukavua viatu, tukashuka, tukazunguka magofu kwa raha zetu. Tulipogeuka kurudi, saa saba mchana, bahari haipo. Naam, haipo. Tope, mizizi ya mikoko, kaa wanakimbizana, na boti yetu imekaa katikati yake. Nahodha akasema "maji yatarudi," akajifunika kofia usoni, akalala.

Yalirudi kweli, saa kumi na moja jioni. Kusi, ule upepo wa kusini, lilikuwa limeshakaza. Maboya ya kuvaa yalikuwa manne, na sisi pamoja na watu wa boti tulikuwa sita. La binti yangu lilikatika kifungo, kijana wa boti akalifunga kwa kipande cha kamba ya nailoni, fundo moja, akalivuta, akaongeza la pili. Lile fundo ndilo nililokuwa nikilitazama mpaka giza lilipolificha, maana mawimbi sikutaka kuyatazama. Kilwa Masoko, mji wa bara tulikotoka, tuliingia saa moja na nusu usiku, salama. Mwenye boti simtaji wala simsemi sana, kwa sababu mimi ndiye niliyepanga safari ya baharini kama napanga basi la Mbagala.

Sasa niseme nilichojifunza tangu hapo, maana nimerudi mara mbili.

Mlango wa bahari kati ya Kilwa Masoko na Kisiwani ni mwembamba, kama kilomita mbili, na ni wenye kina. Kwa boti ya mashine ni dakika chache, na unavukika maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Tofauti utaiona pa kushukia. Yakijaa unaruka mchangani, yakikupwa unatembea majini na kwenye tope umebeba viatu mkononi. Chini kuna miamba inayokata na wale wadudu wenye miiba myeusi mirefu, kwa hiyo usivue viatu kabisa. Nunua vile vya plastiki, uvichafue. Na mguu uuburute mchangani, usiunyanyue na kuukanyagisha. Samaki taa hujifukia humo, ukiuburuta anakusikia anaondoka, ukimkanyaga mgongoni utaukumbuka mwiba wake.

Songo Mnara ni habari nyingine. Ni mbali zaidi kusini, njia yake ina mikoko na vina vifupi, na ratiba yote inategemea maji. Usikubali kuondoka bila nahodha kukwambia kwa mdomo wake maji yatakauka saa ngapi. Akikujibu "hakuna shida", hilo si jibu.

Kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, siku hizi. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, chukua stakabadhi, na mwongozaji mpate hapo hapo. Kuna vijana gatini watakwambia kibali wanacho wao. Wengine ni wakweli, lakini fedha yako huijui imeenda wapi.

Maji ya kunywa beba ya kutosha, ya visimani kisiwani yana chumvichumvi. Jua la saa sita pale juu ya magofu halina mzaha.

Boti chukua ya mashine. Tanga ni la kupigia picha.

Karibuni tuongeze.

---

Kijiwe Chetu

Asante mkuu kwa uzi, lakini nikuulize ukweli: yote hayo, tope, kusi, kibali, kwa ajili ya kwenda kuangalia kuta zilizoanguka? Si bora mtu aende Unguja akale bata?

---

Mpenda Magofu

Kijiwe Chetu, hebu kaa hapa kidogo.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akauhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Utajiri ulitoka kwenye dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, iliyopita Kilwa kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Mji ulikuwa unapiga sarafu zake wenyewe za shaba. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia! Zilifikaje huko, watu wanabishana mpaka leo.

Sasa twende kwenye kuta zako zilizoanguka. Msikiti Mkuu una sehemu mbili, na ukisimama ndani unaziona bila kuambiwa. Upande wa kaskazini ndio mkongwe, wa karne ya 11 hadi 12, mdogo, dari yake imeshaondoka. Kusini ni nyongeza ya karne ya 14, nguzo na kuba, vyote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ingia asubuhi, mwanga ukiwa unaingia kwa ubavu. Weka kiganja kwenye nguzo. Utagusa matumbawe yenyewe, vile vijishimo vyake kama sega la nyuki.

Husuni Kubwa iko mashariki, juu ya jabali, inatazama bahari. Vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane ambalo bado limesimama vizuri. Hao jamaa walijenga jumba hilo na hawakulimaliza. Husuni Ndogo iko jirani, ina ukuta mnene na minara, na wataalamu hawajaafikiana ilikuwa ya kazi gani. Mimi huwa nafurahi zaidi hapo kwenye swali kuliko kwenye jibu.

Gereza lile la ufukweni, Wareno walijenga ngome mwaka 1505 baada ya Francisco de Almeida kuupora mji, wakaondoka 1512. Hili unaloliona leo ni la Waarabu wa Oman, juu ya msingi ule wa kale. Neno lenyewe "gereza" tumelipata kwa Wareno, kwao lilikuwa kanisa. Fikiria hilo.

UNESCO waliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, wakaiingiza kwenye orodha ya hatari 2004, ikatolewa 2014 baada ya matengenezo. Bahari ilikuwa inaila Gereza. Ukienda utaona upande wa majini ulivyomegwa.

Unguja utaenda mwakani.

---

Kijiwe Chetu

Mkuu nimenyoosha mikono. Nauli kiasi gani? 😅

---

Mtoto wa Masoko

Mleta uzi, umesema mengi ya kweli ila la tanga umetuonea.

Mimi nimezaliwa hapa, babu yangu alikuwa nahodha wa mashua. Boti ya mashine moja, ikizima katikati ya mlango na mkondo unatoka, inaelekea nje ya bandari kama gogo. Hakuna tanga, mara nyingine hata kasia halimo. Mashua yenye tanga zuri na nahodha mtu mzima haiishiwi petroli. Kinachoua watu ni kujaza, na haraka. Abiria kumi na tano kwenye chombo cha wanane, mashine au tanga ni yale yale.

Ukifika gatini usiangalie rangi ya boti. Angalia kama kuna kata ya kuchotea maji, kasia, na nanga yenye kamba. Mwambie akuonyeshe maboya kabla hujalipa, na uyahesabu. Halafu tazama wenyeji wanapanda chombo gani. Mama mwenye mtoto mgongoni hapandi boti ya mtu mwenye sifa mbaya.

Jambo lingine ambalo wageni hawalijui: upepo ukipingana na mkondo, bahari inasimama. Maji yanatoka kwenda nje, kusi linasukuma kuingia, unapata mawimbi mafupi ya wima hata kama ulipotoka ufukweni ilionekana shwari. Ndiyo maana sisi tunavuka mapema. Kusi huamka taratibu asubuhi, likikaza ni kuanzia kama saa tano kwenda mbele. Saa tisa alasiri usimbembeleze nahodha akupeleke Songo Mnara. Anayekubali ana njaa ya fedha.

---

Msafiri wa Kusini (mleta uzi)

Nimekubali kosa kaka. Nafuta la tanga. Hilo la kata ya kuchotea maji sikuwahi kuliangalia, na ile boti yetu ilikuwa na kopo la rangi lililokatwa juu.

---

Mtoto wa Masoko

Kopo la rangi ni sawa kabisa, ndilo tunalotumia sote. Shida ni pale hakuna.

---

Dada wa Mikoba

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kwa upande wetu akina dada. Nasafiri peke yangu, nataka kulala Masoko siku mbili na kuvuka Kisiwani. Kuna usumbufu? Na barabara ya Kibiti ikoje, nakumbuka zile habari za mauaji za 2017, mama yangu hataki hata kusikia.

---

Mama Pwani Kusini

Marahaba mwanangu. Kibiti ile ya 2017 ilitutisha sote. Tangu hapo nimepita njia hiyo sina hesabu, mchana, kwa basi, na sijakutana na baya. Panda la asubuhi ili ufike kukiwa na jua. Kutoka Dar ni kama kilomita 300, unavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa, unaingia Nangurukuru, hapo ndipo njia ya Masoko inapokatiza. Kama basi lako linaendelea Lindi litakushusha Nangurukuru, uchukue usafiri mwingine. Usishuke hapo usiku kama hujapanga na mtu.

Kinachonitia hofu barabara hii ni mvua. Mwezi wa tano 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja, njia ilikatika Somanga, watu wakalala barabarani na watoto. Masika usije. Na kabla ya kusafiri sikiliza utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wa mvua na wa bahari, wanatoa upepo na mawimbi bure kabisa.

Kisiwani kwenyewe ni kijiji cha watu wanaojuana. Wizi wa kutisha sijausikia. Chukua mwongozaji, vaa gauni refu au suruali pana na mtandio, si kwa kulazimishwa, ila utaona watu wanavyokufungukia. Salimia kila mtu. Usiwapige picha watoto wala wanawake wakiwa kwenye shughuli zao mpaka waseme ndiyo. Mimi ningekushauri umwombe mwongozaji akupeleke kwa mama mmoja mle chakula kijijini, umwambie asubuhi mnapofika, siyo saa saba mchana ukiwa na njaa. Nyumba haina jokofu la hoteli, samaki wanasubiriwa watoke baharini.

Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu. Jibanze nyuma ya ukuta wa Makutani, lile jumba la kale, hakuna atakayekusema.

---

Dada wa Mikoba

Mama, nimecheka hapo Makutani. Asante sana, nimemsomea mama yangu sehemu ya barabara, amenyamaza. Kwake hiyo ni ruhusa.

---

Mpenda Magofu

Niongeze dogo kuhusu usalama ndani ya magofu, maana watu huwaza bahari tu. Usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Chokaa yake imekwisha nguvu, jiwe linaweza kutoka na wewe. Visima na mashimo ya zamani yamo, mengine yamefunikwa na majani, kaa kwenye njia anayopita mwongozaji. Nyasi zikiwa ndefu piga miguu chini, nyoka wasikie.

Na vipande vya vyungu na shanga utaviona vimetapakaa njiani, hasa mvua ikishapita. Vingine ni vya China na Uajemi vya karne nyingi. Tazama, inama, acha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haina utani, na mkoba wako unaweza kufunguliwa.

---

Baba Mapacha

Mimi ninaenda Jumamosi hii na watoto, miaka 6. Mapacha, kama jina linavyosema. Tumepanga Kisiwani na Songo Mnara kwa siku moja ili tubane matumizi. Mnasemaje?

---

Mstaafu wa Bahari

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi nimefanya kazi ya bahari miaka mingi, sasa nimekaa barazani.

Kwanza nimuulize mleta uzi: siku ile mliyokwama, mlipokuwa mnarudi usiku, mwezi ulikuwa juu?

---

Msafiri wa Kusini (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Hapana, giza totoro. Nyota tu.

---

Mstaafu wa Bahari

Marahaba. Basi ilikuwa mwezi kumi na tisa au ishirini, yaani siku za kuhesabu tangu mwezi uandame. Maji kukauka saa saba na nusu, saa nane mchana, ni ama mwezi tano, sita, ama kumi na tisa, ishirini. Ingekuwa tano au sita mngeuona mwezi kichanga magharibi mkiwa njiani.

Sasa sikilizeni. Vijana wanaangalia simu, ni vizuri, lakini simu huisha chaji. Hapa kwetu siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji hukauka kama saa nne, saa nne na nusu asubuhi, na hujaa saa kumi, saa kumi na nusu jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Hesabu siku saba mbele, mambo yamegeuka: mwezi nane, tisa, au ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu. Hujaa saa nne asubuhi, na hata yakikupwa hayaendi mbali.

Kwa hiyo Songo Mnara mngojee maji mafu. Unaondoka saa moja, upepo umelala, maji yanaingia pamoja nawe, unafika yamekaribia kujaa. Unatembea kwa muda wa saa mbili na nusu, unarudi kabla kusi halijakaza sana, na chombo bado kinaelea. Ukienda siku za bamvua asubuhi, utafika na utembee kwenye tope hadi magotini, pengine zaidi, na watoto wa miaka sita mabegani.

Baba Mapacha, Jumamosi hii ni mwezi kumi na sita. Bamvua hilo.

---

Baba Mapacha

Mzee nimekuelewa, lakini likizo yangu inaisha Jumapili. Hakuna namna ya kuondoka saa tano tufike maji yanaingia?

---

Mstaafu wa Bahari

Namna ipo. Utafika kama saa saba maji yanapanda, utarudi saa kumi yamejaa, na kusi litakuwa limeamka lote. Mimi peke yangu ningekwenda. Mapacha wako nisingewachukua.

---

Mtoto wa Masoko

Kaka, msikilize mzee. Siku moja kwa vyote viwili hata wenyeji hawafanyi. Kisiwani peke yake inakula nusu siku. Vuka saa moja asubuhi. Mwambie nahodha akushushe upande wa Gereza, uanze hapo, Msikiti Mkuu, Makutani, halafu utembee kwa mguu kupita mashamba na mibuyu hadi Husuni Kubwa, kama nusu saa kwa mwendo wa watoto ongeza. Husuni utafika maji yamekauka, hivyo boti isikufuate kule, njia ya chini ina mawe. Mrudi kijijini mle, mpumzike kivulini, saa nane maji yanarudi mnavuka hata viatu havilowi sana. Ukienda siku ya maji kujaa asubuhi ndipo unaweza kufanya kinyume, boti ikusogeze karibu na ngazi za Husuni, utembee kurudi Gereza.

---

Mama Pwani Kusini

Na watoto wapake mafuta ya nazi miguuni kabla ya tope la pwani. Linanawika upesi. Jioni muwe ndani ya chandarua, mbu wa Masoko hawana adabu.

---

Baba Mapacha

Sawa wazee wangu. Nimempigia yule mwenye boti, Songo Mnara tumeiahirisha, amekasirika kidogo, amepoa. Nimemuuliza maji Jumamosi yanakauka saa ngapi, akanijibu saa nne na robo bila kufikiri. Nikamuuliza maboya ya watoto, akasema yapo, "yatawatosha tu". Nimepita Kariakoo jana nikanunua mawili ya saizi yao. Wamelala nayo.

---

Msafiri wa Kusini (mleta uzi)

Vifungo umevivuta?

---

Baba Mapacha

Viwili vizima. Kimoja cha pacha wa pili kilikuwa kinateleza, nimekirudisha dukani asubuhi hii.